Kiingereza Nilichomzikia Mke Wangu

Shule niliacha darasa la tatu. Shamba la Kibomet, nyumba ya mawe, duka la mbegu, vyote nilipata bila Kiingereza. Lakini ndugu za mke wangu, watu wa Bungoma, ni watu wa ofisi. Tangu siku ya mahari waliniita shemeji wa jembe.

Mke wangu alipofariki, mama yake alituma neno: anataka kusikia kwangu mwenyewe mtoto wake aliishi vipi. Kwao mkwe hamkaribii mama mkwe. Miaka yote ya ndoa sikumpa mkono wala kula naye meza moja. Angenisikia kwa maiki ya mazishi tu.

Mimi nikafikiria mashemeji. Nikaapa kusoma wasifu wa marehemu kwa Kiingereza.

Nikamwendea binti wa jirani, mwalimu wa sekondari. Sentensi zangu zilikuwa fupi fupi kama kuni za kukatwa. Akanionyesha kuziunganisha kwa "who". Sisi tukisema "aliyeuza" tumemaliza, neno moja. Mzungu hulitoa hilo "ye" nje, lisimame peke yake.

"Hapa weka koma, mzee. 'My wife, who sold onions.' Bila koma ni kama uko na wake wengine, unamtaja yule wa vitunguu."

"Nilikuwa na mmoja."

"Basi weka."

Wiki nzima, maiti ikiwa mochari, nilikariri nikikamua ng'ombe. "Who" ya watu, "which" ya vitu, "whose" ya mwenye mali.

Siku ya kuzika sikukosea hata mahali pamoja. Shemeji mkubwa alitikisa kichwa, akasema, "Kumbe!" Nikajisikia mrefu. Ndipo nikamsikia mama mkwe, kwenye kiti chake upande wa pili wa hema, akimuuliza huyo shemeji:

"Amesema nini juu ya mtoto wangu?"

"Amesema alikuwa mke mzuri."

"Maneno yote hayo, ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, mama."

Nikarudi kushika maiki nimwambie kwa Kiswahili. Pasta akanizuia: saa imeenda, mzee, mvua hiyo inakuja. Tukazika. Mama mkwe alirudishwa kwake Kanduyi, huko Bungoma, jioni hiyo, na hatukuwa mahali pamoja tena mpaka nilipoitwa kwenda kumzika yeye.