Sakafu Iliyokaushwa kwa Ajili ya Wageni

Sogea karibu kidogo, maana sauti yangu si kubwa na jambo lenyewe lina hatua nyingi. Ukisikia neno nyuklia usishtuke. Nitakwenda polepole, na utanifuata vizuri tu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi Guangzhou, kusini mwa China. Chuo kilikuwa na jengo dogo la zamani, vyumba vitano na ushoroba mmoja, ambamo kwa miaka mingi walifanya kazi na unga wenye mionzi. Jengo lilitakiwa kubomolewa, na mwalimu wangu akanipa kazi ya kuandaa mpango.

Watu hudhani kubomoa ni nyundo. Nyundo huja mwisho kabisa. Kwanza unachora sakafu kwa chaki, miraba ya hatua moja moja, unapitisha kipima mionzi juu ya kila mraba na kuandika. Kisha unakigawa kifusi ambacho bado hakijawa kifusi. Hiki kitakwenda jalalani kama matofali ya nyumba yoyote. Hiki kisubiri kupimwa tena. Hiki kifungwe kwenye mapipa ya chuma na kulindwa muda mrefu kuliko maisha yangu na yako. Ustadi wote ni kuyafanya mapipa yawe machache bila kudanganya.

Nilipima kwa wiki sita, nimepiga magoti, mgongo ukiwaka moto. Mwishowe nikapata habari njema: uchafu ulikuwa kwenye chumba kimoja tu, cha mwisho, chini ya meza walipokuwa wakipimia unga. Kilichobaki kilikuwa kuja kwa wakaguzi, wahakikishe, watie sahihi.

Funguo za jengo alikuwa nazo mama wa usafi, ambaye sote tulimwita Ayi, yaani shangazi. Alinizoea. Akinikuta nimekaa sakafuni alinisukumia kiti kwa mguu. Alikaa kwenye chumba cha chuo, nyuma ya boila la kuchemshia maji, na ilibaki miezi michache astaafu. Miaka ile kila sehemu ya kazi ilikuwa ikipunguza watu. Kosa moja kwenye faili lilitosha kumtoa mtu, na akitoka kazini, chumba nacho kimekwenda.

Sasa, mwezi wa tatu Guangzhou yote hutoka jasho. Hewa ya joto inapanda kutoka kusini, inakuta kuta bado zina baridi, na maji yanachuruzika ukutani hadi sakafuni. Watu hutandika magazeti milangoni wasianguke. Siku moja kabla ya ukaguzi nilimkuta Ayi akikamua tambaa.

"Ayi, kesho kuna wageni. Nachelea wasije wakateleza."

"Wakubwa?"

"Wakubwa. Mmoja anatembelea mkongojo."

"Basi niachie mimi. Wewe nenda kale, umekuwa kama ufagio."

Nikaenda kula. Sikumwambia chumba cha mwisho asikiguse. Bango la onyo lilikuwa mlangoni, lakini lilikuwepo tangu aanze kazi, na miaka yote hiyo aliwaona wasomi wakipita chini yake na vikombe vya chai.

Asubuhi sakafu ilikuwa kavu, safi, inapendeza. Mkaguzi mwenye mkongojo aliwasha kipima mionzi pale mlangoni, kunionyesha tu jinsi anavyokishika. Kikaanza kulia. Akasogea hatua mbili, kikalia. Ushoroba mzima, kikalia.

Ayi alikuwa amefanya kama afanyavyo mpiga deki yeyote mzuri: alianzia chumba cha ndani kabisa, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, asikanyage alipokwisha kausha. Unga wa chini ya meza ulikuwa umetandazwa kama samli juu ya chapati. Tulimpima yeye kwanza. Mikono ilioshwa mara tatu ndipo kifaa kikanyamaza. Viatu, tambaa na ndoo vikawa mzigo wa kwanza wa mapipa.

Wakaguzi walipoondoka, mwalimu wangu aliniwekea fomu mezani. Kulikuwa na mstari mmoja unaouliza chanzo cha kusambaa.

"Andika mfanyakazi wa usafi aliingia bila ruhusa," alisema. "Ni kweli, na kazi yako itasalimika."

Ayi alikuwa amesimama mlangoni, miguuni amevaa mifuko ya plastiki.

"Andika, kijana," akasema. "Wewe kwenu ni mbali. Mama yako anakungoja."

"Na chumba chako je?"

Alitazama mifuko yake.

Sikuwa jasiri, usinielewe vibaya. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kutunga uongo ambao atatakiwa kuukumbuka. Nikaandika: mwandaaji wa mpango aliagiza sakafu ikaushwe, hakutoa onyo, hakufunga chumba. Mwalimu alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Unajua utakaa muhula mwingine?"

"Najua."

"Basi hiyo sakafu utaikwangua mwenyewe."

Nikaikwangua, kwa tindo na nyundo ndogo, barakoa usoni, Guangzhou ikichemka. Mapipa yaliongezeka mara tatu ya mpango wangu. Mzanzibari niliyekaa naye chumba kimoja, aliyekuwa akisomea udaktari, hakunihurumia.

"Yakhe, nikimwandikia mama yako nimwambieje? Kwamba mwanawe kavuka bahari kuja kubandua sakafu?"

"Mwambie nasoma."

"Unasoma nini, saruji?"

Ayi alistaafu mwezi wa saba, faili lake likiwa safi, na wakamwachia chumba. Mimi nilirudi nyumbani nimechelewa, magoti yakiwa hayanyooki sawasawa.

Nimepanga majengo mengine baada ya lile, na siku hizi naanza tofauti. Nawe ukipewa jengo la kubomoa, hata kama ni ghala la dawa za wadudu, usianze na chaki. Mtafute anayelisafisha. Muulize anaanzia chumba gani, anaishia wapi, na maji machafu anayamwaga wapi. Mweleze chumba kisichoguswa na sababu yake, kifunge, kisha ufunguo ukae nao wewe.