Mdogo Wangu Alivyopimwa kwa Ufito

Miaka ile ya Ujamaa kila mtu alikuwa anajitolea, apende asipende. Balozi wa nyumba kumi alipiga filimbi alfajiri, tukatoka na majembe, na asiyetoka jina lake lilisomwa mkutanoni mbele ya wakwe zake. Ndivyo nilivyojitolea kuchimba mitaro, kufyatua matofali na kushangilia wageni barabarani huku tumbo likiunguruma. Kwa hiyo tuliposikia kwamba kijana mmoja wa Kizungu amepanda ndege kuja kujitolea kwenye shule ya watoto wenye ulemavu, upande wa Mafiga, bila kupigiwa filimbi na mtu yeyote, tulijiuliza huko kwao kafanya kosa gani.

Shule ile ilinihusu. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anasoma pale. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la tano, mama akimfuata baba haraka kama aliyesahau kumwambia kitu, nikaacha shule nikawa baba na mama wa wadogo zangu wote. Nilipika ugali wenye madonge. Nilisuka nywele za wale wa kike zikatoka kama shamba lililolimwa na mlevi. Huyu wa mwisho miguu yake ilishikwa na polio kabla hajajua kusimama, hivyo gari lake lilikuwa mgongo wangu. Nilimpeleka shule mgongoni, nikamrudisha mgongoni, na njia nzima alitoa amri.

"Kaka, pita kulia, kushoto kuna tope. Kaka, mbona unahema? Kwani mimi ni gunia?"

Alikuwa gunia, tena gunia lililozidi kujazwa kila mwaka.

Yule Mzungu alikuwa mrefu mpaka akazoea kuinama hata mahali pasipo na mlango. Kiswahili chake alikitoa kitabuni, na alikibeba kama kikombe kilichojaa chai, polepole, kisimwagike. Alikuwa amefundishwa kwamba shikamoo ni heshima, lakini hakufundishwa heshima hiyo inapanda au inashuka, basi akawa anawaamkia watoto wa darasa la kwanza. Watoto walikunja mikono kifuani kama wazee wa baraza wakaitikia, "Marahaba, hujambo mjukuu wetu?" Walimu hawakumsahihisha kwa muda mrefu. Sukari yenyewe ilikuwa ya foleni. Kicheko cha bure nani angekikataa?

Ila mikono yake ilijua kazi. Alikuwa anatengeneza vyuma vya miguu, vile vinavyofungwa kwa mikanda ya ngozi kuanzia pajani hadi kwenye kiatu, mtu mwenye miguu milegevu akaweza kusimama. Alimbonyeza mdogo wangu magoti, akamkunja, akamkunjua, kisha akaniambia, "Huyu dada anaweza kutembea. Nisaidie nimpime."

Nikamwambia hata akitaka tupime mlima nitashika kamba.

Siku ya kupima alitandika mkeka barazani, akamlaza mtoto chali. Mtoto akaona haya, Mzungu akamfunika shuka, na shuka za shule zilikuwa nyeupe. Tena fundi wa kuchomelea vyuma huko mjini alikuwa mtu asiyeamini namba za kwenye karatasi. Alitaka kitu cha kulinganisha kwa macho. Basi Mzungu akakata ufito, akaulaza ubavuni mwa mtoto, akautia alama kwa kisu: hapa nyonga, hapa goti, hapa kisigino.

Mimi nilikuwa nimemshika mtoto kichwa asitikisike. Kwetu mtu hulazwa chali, akafunikwa nyeupe na kupimwa kwa ufito mara moja tu, na ufito huo hupelekwa makaburini kwa wanaochimba. Lakini nilifikiria mgongo wangu, nikafikiria mdogo wangu akisimama, nikaendelea kushika. Mwenyewe mpimwaji alikuwa anacheka kwa sababu ufito ulimtekenya.

Kumbe getini alikuwapo mama mmoja kutoka mlimani, aliyeleta ndizi za kuuzia jiko la shule. Aliona mkeka, akaona shuka, akaona ufito. Alijitwika tenga lake, ndizi zikiwa bado ndani, akaupanda Uluguru bila kuaga. Habari ilinenepa njiani. Ilipoondoka mjini mtoto alikuwa amepimwa. Ilipofika kwa mjomba wetu alikuwa amekufa, Mzungu anamzika mwenyewe, na kaka mtu kamshika kichwa.

Kesho yake, wakati wa uji, vilio viliingia getini. Mbele alikuwa mjomba, kaka wa marehemu mama yetu. Nyuma yake wanawake wa ukoo wamejifunga khanga viunoni, na mwanamume mmoja kabeba mchele wa matanga. Marehemu alikuwa kwenye benchi na masharubu ya uji.

"Shikamoo mjomba," akasema. "Nani kafa?"

Vilio vikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Shangazi mmoja, ambaye khanga ilikuwa imemziba macho, aliendelea kulia peke yake mpaka akafinywa.

Mjomba hakucheka. Akanigeukia. "Kapimwa, hajapimwa?"

"Kapimwa miguu, mjomba. Ya vyuma."

"Kwa ufito?"

"Kwa ufito."

"Amelala?"

"Amelala."

"Amefunikwa nguo gani?"

Nikatazama mlimani. "Nyeupe."

"Basi kaburi limeshaitwa. Namchukua leo. Atakaa kwangu, tutamfanyia dawa, na huku harudi tena."

Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba likishatoka limetoka. Mimi niliwalisha, niliwavika, lakini akisema huyu nakwenda naye, anamchukua. Na kwake njia ni ya mbuzi. Hapakuwa na shule karibu, wala vyuma. Mdogo wangu angekaa mlangoni kufukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa mpaka naye azeeke. Nikapiga magoti.

"Mjomba, niachie mpaka vyuma vije."

"Wewe umemshika kichwa. Usiniombe kitu."

Mzungu akaona ni wakati wa kusaidia. "Shikamooni," akasema. "Tafadhali msilie. Mimi nimempima vizuri sana."

Wanawake wakaanza upya.

Hapo ndipo alipotoka mpishi wa shule, mama mnene mwenye mwiko mkononi. Ukoo wake ni watani wa ukoo wetu. Tukifa, wao ndio wanaotuosha, wanaotuchimbia, na wanaotusema vibaya tukiwa hatuwezi kujibu. Wanachosema watani hakuna ruhusa ya kukikasirikia, hata kikiuma vipi.

"Nani analia jikoni kwangu?" akauliza. "Aa, kumbe nyie maiti! Mmekuja wenyewe kwa miguu? Safi, mmenipunguzia mzigo."

"Mtani, leo si siku ya utani," mjomba akasema.

"Leo ndiyo yenyewe. Tangu lini ninyi mkafa bila kuniambia? Ufito uko wapi?"

Mzungu akauleta mbio, anadhani ameokoka. Mpishi akamtazama kuanzia viatu hadi juu, safari ndefu.

"Wewe mlingoti, nani kakupa kazi ya kupima watu hawa?"

"Mimi nimejitolea, mama."

"Kajitolea kazi yangu! Faini jogoo. Jogoo, usiniletee kifaranga." Akamrudia mjomba. "Na wewe mjomba mtu, mzee mzima, umeshuka mlima wote huo na mchele kwa sababu ya kipimo cha mtu asiye mtani? Kipimo chake hakimziki hata panya. Mimi sijampima huyu mtoto. Na kama sijampima, hafi."

"Ufito ni ufito," mjomba akasema, lakini kwa sauti ya chini.

"Ufito huu?" Akausuuza kwa maji ya kata, akautumbukiza kwenye sufuria ya uji, akaanza kukoroga.

"Alama! Alama zangu!" Mzungu akapiga kelele, akashika kichwa.

Mpishi hakumsikiliza. Alikoroga, akachota, akamnyooshea mjomba kikombe. "Ufito wa kaburi haukorogi uji. Kunywa. Usipokunywa, chukua mtoto wako uende. Ukinywa, umekubali kwamba huu ni mwiko tu wa uji, na mtoto anabaki."

Mjomba alikishika kikombe akakitazama kama kimemtukana. Kisha akamtazama mdogo wangu, ambaye alikuwa anamtazama yeye, hanywi uji, hapepesi macho.

"Una sukari?" mjomba akauliza.

"Sukari utaipata peponi, maiti wewe. Kunywa."

Akanywa wote. Akajifuta mdomo kwa kanzu. "Vyuma vikija niitwe," akaniambia. "Nije nione kwa macho yangu. Asipotembea nakwenda naye, na siku hiyo hata mtani asinisogelee."

Mchele wa matanga tukaupika palepale, na waliolia zaidi ndio walioongeza sahani.

Fundi wa vyuma alisema kesho mpaka mimi nikachoka kusikia neno hilo. Leo gesi imekwisha, leo ngozi ya mikanda haijaja, leo ufito unanata na nzi wamekula alama. Mzungu akauloweka, akauchonga upya, wala hakuthubutu tena kumlaza mtu. Alimpima mtoto ameketi, kavaa gauni jekundu, mbele ya mpishi, aliyekuwa amekalia kiti anatafuna mguu wa jogoo.

Vyuma vilipokuja nikapeleka habari mlimani. Mjomba alishuka na mkungu wa ndizi begani, akasimama mwisho wa baraza, hakukaa. Mdogo wangu akafungwa mikanda, akavalishwa viatu vizito kama vya askari, akapewa magongo mawili. Nikainama mbele yake kumtegea mgongo apande, bila hata kufikiri.

"Kaka, toka njiani," akasema.

Nikatoka. Akatupa gongo moja mbele, akaburuta mguu, chuma kikalia. Akatupa la pili. Uso wake ulimetameta jasho, na vyuma vililia kama bawaba za mlango wa ghala. Katikati ya baraza akayumba. Mzungu akafumba macho. Mpishi akamkazia mjomba macho, na mjomba, bila kujua, akapiga hatua moja mbele.

"Mjomba, kaa hapohapo!" mdogo wangu akamkemea. "Usinisogelee. Nakuja mwenyewe."

Mjomba akaganda. Mdogo wangu akaja, kwa kelele zote zile, mpaka paji lake la uso likagusa kanzu ya mjomba tumboni.

Mjomba akainama, akavigonga vile vyuma kwa kidole.

"Marehemu huyu ana makelele," akasema.

"Na ana njaa," mpishi akajibu.

Mjomba akanitazama nilivyosimama pale, mikono inaning'inia, sijui pa kuiweka. Akashusha mkungu wake wa ndizi akanitwika mgongoni. "Wewe naona huna kazi leo," akasema. "Peleka jikoni." Nikaenda nao, na nyuma yangu nikavisikia vile vyuma vinanifuata.