Saizi ya Mwanangu

Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea nilipomwacha kwa mama yangu, kijijini kwetu upande wa Kiloleli, nikaenda Malaysia kusomea biashara. Baba yake alikuwa ameshaoa kwingine. Nilipata ufadhili, na kila niliyemwomba ushauri aliniambia niende, mtoto hawezi kuteseka kwa bibi yake. Ni kweli hakuteseka. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani namlaumu mama.

Mpango ulikuwa nirudi likizo ndefu ya kwanza nimwone. Lakini chuo kilitutaka likizo hiyo tuitumie kwa mafunzo kwa vitendo, yale ambayo kwetu tumezoea kuyaita fildi, na asiyeyafanya hahitimu. Wenzangu wenyeji walipata nafasi benki na maofisini. Mimi nikaangukia kwenye duka kubwa la nguo. Msimamizi wangu, mama mmoja mtu mzima mwenye hijabu na miwani, alinitazama kidogo, akasema nitakaa sehemu ya watoto.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nilikunja fulana, nikapanga magauni kwa saizi, nikarudisha mahali pake nguo zilizoachwa kwenye vyumba vya kujaribia. Kilichonishinda ni mazungumzo. Wateja walikuja na umri wa mtoto, nami nilikuwa nimefundishwa nisiuamini umri, niulize kimo: akisimama anakufika wapi, pajani au kiunoni? Siku moja mteja aliyekuwa akimchagulia binti yake aliniuliza kama nami nina mtoto. Nikamwambia ninaye, wa kike, umri wao karibu sawa. Akaniinulia gauni la njano, akauliza, "Wako lingemtosha hili?"

Nikalipokea, nikalishika mbele yangu, nikalitazama. Nikaliteremsha hadi pajani, nikalipandisha hadi kiunoni, kisha nikamrudishia.

Wiki hiyo nilimpigia mama, nikamwomba amsimamishe mtoto ukutani ampime. Mama alishangaa, kwake mtoto hupimwa kliniki. Hata hivyo alimwita, akampa simu anisalimie. "Mwadila," alisema binti yangu, salamu ya Kisukuma ya mchana, akaitamka vizuri, kwa heshima, kama alivyofundishwa kuwasalimia wakubwa wanaopita njiani. Kisha akamrudishia bibi yake simu. Mama alicheka, akasema huyu mtoto ana adabu. Nikacheka naye, na habari ya kupima ikaishia hapo.

Mafunzo yalipokaribia kwisha, kitoto kimoja kilipotezana na mama yake katikati ya nguo, kikawa kinalia kwa kwikwi. Utaratibu wa duka ulikuwa kumshika mtoto mkono na kumpeleka kaunta. Niliujua. Mimi nilikibeba. Kikanilazia kichwa begani, na uzito wake ulipokaa kiunoni nikasikia mdomo wangu unabembeleza kwa Kisukuma. Kaunta ilikuwa karibu, lakini nilipita njia ya kuzunguka. Mama yake alikuja mbio, akakinyakua, akaniuliza kwa ukali nilikuwa nampeleka wapi mtoto wake. Msimamizi alimwomba radhi kwa niaba yangu, kisha akaniita stoo, akanikalisha juu ya boksi. Aliniuliza kama nina mtoto kwetu na anakaa na nani. Nikamweleza. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya hijabu.

"Kuanzia kesho utafanya kazi huku stoo," alisema. "Si adhabu."

Nilimwamini. Nililia hivyo hivyo.

Nilirudi nyumbani baada ya kuhitimu. Nilimkuta mama uani anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu. Binti yangu alitoka ndani na kikombe cha maji, akapiga goti mbele yangu. "Mwadila, mgeni," alisema.

"Huyu si mgeni," mama akamwambia. "Huyu ndiye mama yako."

Mtoto alimgeukia bibi yake, akamwita mayu, ambalo kwa Kisukuma ndilo mama, akamuuliza kama amwongezee mgeni maji. Magauni niliyomletea yalikuwa madogo yote. Mama aliyakunja, akasema yatamfaa mtoto wa jirani.

Nilipata kazi Bariadi mjini, kwenye duka la jumla, nikapanga nyumba, nikaenda kumchukua. Mama hakukataa. Alisema, "Mchukue, ni wako. Ila mchukue taratibu, usimng'oe." Mimi sikuelewa kwamba mambo hayo mawili yanatofautiana. Niliondoka naye na basi la asubuhi.

Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa kwenye kochi na mfuko wake wa nguo mapajani. Nikimwita kula aliitika, akala, akasema asante. Mfuko hakuufungua. Kila nilipotaka kumpangia nguo kabatini aliushika kwa mikono miwili, bila ubishi, akinitazama tu. Hazikupita siku nyingi akashikwa na homa. Hospitali walimpima malaria, hawakuona. Wakapima na mengine, hawakuona kitu. Nikampandisha basi, nikamrudisha. Tulipofika kwenye boma la ng'ombe alinichomoka mkononi, akakimbia hadi ndani, na jioni ile homa haikuwapo. Mama aliniwekea chakula.

Sasa anasoma shule ya hapo kijijini, nami naenda nikipata mapumziko. Tunachota maji pamoja, ananionyesha madaftari, na juzijuzi alikubali nimsuke. Siku hiyo mama mmoja mpita njia alisimama, akamuuliza huyu anayekusuka ni nani. Mtoto alifikiri kidogo.

"Mama mdogo," akajibu.

Mama yangu alifungua mdomo amsahihishe. Nikamtikisia kichwa aache. Tangu hapo ananiita hivyo, na mimi naitika, ingawa mara nyingine huchelewa, naye hurudia kwa sauti zaidi akidhani sikumsikia.