Jibu la Baba Ukumbini

Juzi niliona kwenye simu mgombea mmoja akiulizwa kama ameachana na mkewe. Alicheka, akasema, "Familia yangu ni nyinyi wananchi." Watu wakashangilia. Nikamkumbuka baba.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukiishi mtaa wa Malaz, Riyadh, na baba aligombea uenyekiti wa chama cha Wakenya wa pale. Mkutano ulikuwa alasiri, katika ukumbi ulionukia kahawa ya iliki. Mwanamke mmoja alisimama akauliza, "Mama watoto mbona hatumwoni siku hizi?"

"Yuko Jeddah kwa dada yake, anapumzika," baba alijibu akitabasamu. "Atarudi karibuni."

Nilipiga makofi kuliko wote. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaambiwa kama mama anarudi.

Kwenye gari nilimuuliza, "Baba, atakuja lini?"

"Tutaona, mwanangu."

Tulipofika nyumbani aliingia jikoni, akafungua bomba. Maji yalitiririka muda mrefu, na katikati yake nikasikia kilio. Leo najua talaka ilikuwa imeshatoka. Siku ile nilisimama peke yangu nje ya mlango, nikambembeleza, "Usilie, baba. Watakupigia kura."