Magurudumu Manane Hadi Harusi ya Geita

Tulikwenda Geita kumwoza mdogo wangu Sakina, aliyekuwa ametangulia huko. Nalisema hili mapema kwa sababu aliyetuona njiani angedhani tuko kwenye mashindano ya magari, na madereva wenyewe, kabla hata ya kufika Tinde, walikuwa wameshasahau. Baba yetu alikwisha kufariki, kwa hiyo walii wa Sakina, yaani mwenye haki ya kumwoza, alikuwa kaka yetu Hamisi. Bila yeye, au bila mtu aliyemwakilisha kwa kauli yake mwenyewe, sheikh asingefungisha ndoa. Ilipangwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Bwana harusi, fundi cherehani mpole, alikuwa ameahirishiwa mara moja, na wazee wake walituma salamu kwamba mara ya pili hawatasubiri.

Alhamisi asubuhi, Shinyanga. Ilikuwa miaka ya sabini, petroli inapatikana kwa kujuana, na ukoo wenye akili timamu ungepanda gari moja. Sisi tulikwenda na mawili. Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa na Pijo 404, na aliipenda kwa sababu inasukumwa na magurudumu ya nyuma. "Gari la kusukumwa nyuma linazungumza na makalio yako," alikuwa akisema, hata mbele ya wakwe. Kaka Hamisi alikuwa amenunua mnadani Landrova kuukuu ya fowili, ile ambayo magurudumu yote manne yanavuta, na tangu siku hiyo alitembea kama mtu aliyeongezewa miguu. Alikataa kupanda Pijo. Baba Zuhura akakataa kupanda Landrova. Mimi na sanduku la Sakina tukaingia kwenye Pijo. Mzee Sefu, jirani yetu, na mwanawe Juma wakaingia kwenye Landrova, wakijua watasikilizishwa sifa zake njia nzima.

Tinde. Hapo kuna kona, na mume wangu huwa hawezi kuiacha kona ipite hivihivi. Alikanyaga mafuta katikati yake, nyuma ya gari ikateleza kwenye changarawe, akaurudisha usukani kwa vidole viwili huku akitabasamu. Kopo la samli tuliyowachukulia wakwe likapinduka ndani ya sanduku, juu ya doti tatu za khanga za bibi harusi.

"Umeiona ilivyokata kiuno?" akaniuliza.

Nilikuwa na samli hadi kwenye kiwiko. Nilimjibu neno ambalo sitaliandika hapa.

Tulisimama nifute nilichoweza kufuta. Hamisi akafika nyuma yetu, akashuka kucheka. "Hiyo ndiyo shida ya kusukumwa nyuma," alisema. "Mimi kwenye kona ile nilisikia magurudumu yote manne yameshika chini kama kenge. Raha tupu." Wakati anaisifu, mume wangu aliizunguka Landrova polepole, akaangalia magurudumu ya mbele, akarudi kimya. Nilishangaa, maana kunyamaza si tabia yake.

Kahama, jioni. Tulilala Nyasubi kwa rafiki yangu Mama Nyanzobe, Msukuma anayeuza mchele sokoni. Alitupikia ugali na samaki, na wanaume wale wakabishana hadi ugali ukapoa. Mmoja akasema dereva wa Pijo anaendesha, wa Landrova anabebwa. Mwingine akasema dereva wa Pijo hajui kesho yake. Mama Nyanzobe alisikiliza sana, kisha akauliza, "Na bibi harusi anapanda lipi?"

Wakatazamana. "Bibi harusi yuko Geita," alisema Hamisi.

"Ahaa. Nilidhani mmemsahau Shinyanga."

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi alitusindikiza hadi barabarani na kutupa karanga za njiani. "Wabeja, Mama Nyanzobe," nilimshukuru kwa Kisukuma chake. Alinishika mkono, akaniita mama kwa lugha yake na kuninong'oneza, "Mayu, kaa na funguo wewe." Laiti ningemsikiliza.

Ijumaa, njia ya kaskazini. Huko ardhi hubadilika bila kuomba radhi: unatoka kwenye udongo wa kichanga, unaingia mbuga nyeusi ambayo ikilowa humvua mtu viatu. Kabla ya Bukoli barabara ilizunguka mbuga moja kubwa. Pijo ilifuata barabara, ikiteleza kushoto na kulia, na mume wangu akiimba. Nilikuwa nimekasirika, lakini sitasema uongo, ilikuwa tamu. Mgongo unasikia gari linavyosukuma, na kila linapotaka kukutupa dereva analirudisha. Nilicheka, kisha nikajikumbusha kwamba sijamsamehe.

Hamisi hakuzunguka. Aliona nafasi ya kutuonyesha, akakata katikati ya mbuga. Tulipofika upande wa pili tuliiona Landrova imesimama mbali, imezama hadi kwenye mihimili, magurudumu ya nyuma yakirusha tope na ya mbele yametulia kama ya gari lililoegeshwa.

Tulitembea kwa miguu hadi pale. Wenyeji wa jirani walikuwa wamekwisha kuleta ng'ombe wanne wa kulimia na minyororo, kwa wema wao, bila kuitwa. Hamisi aliwakatalia kupitia dirisha.

"Fowili haivutwi na ng'ombe," alisema.

"Basi liache, upande Pijo," nikamwambia. "Kaka, adhuhuri imepita. Sakina anakungoja wewe."

Mzee Sefu alijitolea kubaki kulinda gari. Hamisi akasema wezi wangemfungulia hata vioo. Hapakuwa na mwizi pale. Palikuwa na watu walioleta ng'ombe wao. Shida yake ilikuwa kufika Geita, mbele ya wakwe, akishuka kwenye Pijo. Nilimwona akiitazama Pijo ng'ambo ya mbuga, akageuza uso.

"Shemeji," alimwambia mume wangu, mikono bado iko kwenye usukani, injini inanguruma, "nimekuwakilisha umwoze dada yangu Sakina. Mzee Sefu na Juma ni mashahidi." Kisha akakanyaga mafuta tena, na tope likaturukia sote.

Tuliondoka na mashahidi wetu. Tulipoiacha mbuga, mume wangu alianza kucheka peke yake.

"Ile fowili yake haivuti mbele," alisema. "Katikati ya magurudumu ya mbele kuna vifungo, lazima ushuke uvizungushe kwa mkono. Havijafungwa. Niliviona Tinde."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Hakuniuliza. Na ningemwambia, leo angenipita."

Ndani ya gari hakuna aliyecheka naye. Mzee Sefu alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ndogo. Nilitaka turudi, lakini jua halikuturuhusu, na sikusema naye tena hadi mwisho wa njia.

Geita, alasiri. Sheikh alikuwa amekwisha kuvaa viatu aondoke. Ndoa ikafungwa, mume wangu akatamka maneno ya kaka yangu, vizuri na kwa adabu, kama mtu mwema. Niliingia ndani kwa Sakina na khanga zinazonuka samli. Akazipokea, akaniuliza Kaka yuko wapi. Nilianza kutunga uongo, nikashindwa, nikamweleza yote.

Aliitazama hina yake mikononi. "Kwa hiyo walikuwa wawili wa kuja kunioza," alisema, "na hakuna aliyekuja kwa ajili yangu."

Nililia mimi. Yeye hakulia.

Jumamosi, kurudi. Mbuga ilikuwa imekauka kidogo. Hamisi alikuwa amelala ndani ya Landrova na wale wenyeji walikuwa wamempelekea uji. Hakuuliza habari ya harusi. Aliuliza Pijo iliteleza mara ngapi. Nilivua viatu, nikaingia topeni, nikazungusha kifungo cha gurudumu moja, kisha cha la pili. Nikamwambia aendeshe. Landrova ikatetemeka, ikajivuta, ikatoka.

"Mmeona?" alipiga kelele. "Si niliwaambia fowili haikwami?"

"Imetolewa na mke wangu," mume wangu akamjibu, "na mke wangu ni mtu wa Pijo." Wakaanza upya, palepale, ng'ombe wakiwatazama.

Watu wa nyumbani wameniuliza mara nyingi lipi tamu zaidi kuendeshwa. La kusukumwa nyuma ni tamu zaidi, na la kuvuta kote linakufikisha, ukilifunga. Nilijifunza pia kwamba ndugu yako anaweza kukupoteza kwa sababu ya raha ya usukani, na mwingine akamwachia akupoteze ili apate raha ya kushinda.

Niliwaacha wanabishana, nikaenda barabarani. Lori la mihogo mikavu lilikuwa linapita kwenda Kahama, nikalipungia mkono, nikapanda juu ya magunia. Lilikuwa likisukumwa na magurudumu yapi sikuuliza, wala dereva hakunieleza.