Siku Unga Alipohudhuria Ibada ya Akina Mama

Chekeni tu, mimi nilishamaliza kuona haya. Hadi leo nikienda soko la Matiliku kupeleka nguo za watu kuna mama mmoja muuza nyanya ambaye akiniona hanisalimii kama binadamu, anapiga mguu chini mara mbili, puu puu, kisha anaangua kicheko mpaka nyanya zinamporomoka, na mimi kwa ujinga wangu nageuka. Basi afadhali mnisikie mimi mwenyewe, maana yeye anaongeza chumvi (kwake yeye nilikuwa nimepanda juu ya kabati, na kwetu hatuna kabati).

Mimi ni fundi wa nguo. Nashonea nyumbani, nyumba ya vyumba vitatu ninayoishi na mama yangu, na cherehani yangu ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Mwaka jana mjomba wangu wa Tawa alituletea mtoto wa mbwa ndani ya katoni, mweupe pepepe, jicho moja la kahawia na lingine la buluu, na kwa vile alikuwa mweupe hivyo nikampa jina la Unga. Mama hakumtaka tangu mwanzo, alisema nyumba ya fundi ina vitambaa vya wateja na mbwa ana meno, lakini mjomba alikuwa ameshaondoka.

Wiki mbili nzima nilisimama nje asubuhi na jioni nikiita "Unga! Unga!" kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, na yeye amenipa mgongo anachimba shimo lake, mpaka jirani yetu Mama Kioko akaja na mfuko ameufunika na leso, akamvuta mama kando akamwambia kwa huruma, "Mama Mwende, si mngetuambia mapema? Sisi ni majirani." Ulikuwa unga wa mahindi, kilo mbili. (Tuliupika. Ungefanyaje?)

Nilimwita kichwa ngumu, nikamgombeza, nikamnyooshea kidole. Halafu siku moja mfuniko wa sufuria ukanidondoka kwenye sakafu nyuma yake kabisa, kuku wakaruka, punda wa jirani akashtuka, na Unga akaendelea kulamba mguu wake kama vile hakuna kilichotokea. Nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Hakuna. Nikakaa pale mlangoni nikalia kidogo, sitawaficha, kwa sababu siku zote hizo nilikuwa namkaripia mtoto ambaye hajawahi kusikia hata neno langu moja.

Ndipo nikakumbuka kitu. Nikiwa nashona, Unga alikuwa analala tumbo limegusa mguu wa cherehani, na nikiacha kukanyaga anainua kichwa kuniuliza kuna nini. Kumbe alikuwa anasikia kwa tumbo na kwa nyayo! Nikatafuta tafuta kwenye simu, nikaanza kumfundisha. Kupiga mguu chini mara mbili maana yake njoo kuna kitu, na akija anapata kipande cha chapati. Ngumi ni kaa. Kiganja wazi ni acha hapo hapo. Dole gumba juu ni vizuri sana mtoto wangu. Na kumwamsha unaweka mkono mbele ya pua yake akunuse, humshtui. Miezi minne, na nawaambia bila kujisifu (najisifu), akawa na adabu kuliko watu wengi ninaowashonea. Nikipiga mguu anakuja mbio, anakaa, anainua mkono mmoja na kusubiri.

Mama hakuyumbishwa. "Hii mbwa italinda boma aje? Mwizi akikuja itangoja imsalimie mkono?"

Sasa hapa kuna jambo lililokuwa halisemwi nyumbani kwetu. Mama mwenyewe alikuwa hasikii vizuri. Redio yake ilikuwa inasikika hadi kwa Mama Kioko. Kanisani watu wakicheka yeye anacheka baadaye kidogo, na pasta akitaja andiko anachungulia Biblia ya jirani aone wamefungua wapi. Ukimwita akiwa amekupa mgongo ni mara tatu, mara nne, halafu anageuka na hasira kwamba vijana wa siku hizi wanaongea mdomo umefungwa. Siku moja nilithubutu kusema twende hospitali wamwangalie masikio, akaninyima salamu siku mbili. Nikanyamaza. Nikazoea kumpungia mkono kutoka upande wa pili wa uwanja.

Basi zamu yetu ya kutembelewa na akina mama wa kanisa ikafika. Kila mwezi wanakwenda kwa mmoja wao, wanaomba, wanaimba, wanakula, na safari hii Mama Pasta mwenyewe alikuwa anakuja. Mama alipaka kuta rangi. Alifua vitambaa vyote vya makochi. Ijumaa akanikalisha chini.

"Hiyo mbwa kesho uifungie kwa nyumba ya kuku. Ikiniaibisha mbele ya Mama Pasta, Jumapili inarudi Tawa. Umenisikia?"

Nilimsikia. Niliogopa pia, kwa sababu mama akisema kitu amesema, na mimi Unga nilikuwa nampenda kuliko nilivyokuwa tayari kukiri mbele ya watu.

Jumamosi saa saba nikaenda kumchukua nimpeleke kwa kuku, nikamkuta ndani ya kikapu cha vipande vya vitambaa chini ya cherehani, amelala fofofo, ulimi nje. Nikamtazama. Nikawaza, nikimwamsha nimfungie atalia, na mbwa asiyejisikia akilia hajui kipimo, ataharibu maombi. Lakini nikimwacha hapa, nani atamwamsha? Kiziwi gani ataamshwa na nyimbo? Nilijiona nina akili kama wakili. Mama akachungulia kutoka jikoni akauliza kama nimemfungia, na mimi sikusema neno, nikainua dole gumba tu (nikijiambia kwamba uongo ni wa mdomo). Kisha nikatandika kitambaa kirefu cha meza juu ya cherehani kikafika hadi chini, nikapanga hapo juu hotipoti ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, sinia la chapati, chupa mbili za chai na keki. Meza safi kabisa. Mbwa hamna.

Walifika akina mama ishirini na kitu, sebule yetu ikajaa mpaka mlangoni. Maombi yakapita, Unga kimya. Mama Pasta akatoa neno, Unga kimya. Nikaanza kutabasamu. Halafu yule muuza nyanya wa sokoni, naye ni wa kundi hilo, akaanzisha wimbo.

Mnajua akina mama wa huku kwetu hawaimbi kwa koo peke yake. Wanaimba kwa nyayo. Wimbo huo nimeuimba tangu nikiwa shule ya Jumapili na sikuwahi kuhesabu miguu yake: mstari mmoja, puu puu, mstari mwingine, puu puu. Wanawake ishirini na kitu, sakafu ya saruji, kwa pamoja. Ziliposhuka puu puu za kwanza nikakumbuka nilichomfundisha, na kabla sijavuka watu kufika kwenye cherehani, meza ikaamka.

Hotipoti ikaenda upande, chapati zikaenda upande, keki sijui hata leo ilipitia wapi. Kitambaa cheupe kikashuka chenyewe, kikainuka chenyewe, kikaanza kukimbia katikati ya watu.

"Shindwe!" mmoja akapiga yowe. "Shindwe kabisa!"

Kitambaa kikadondoka na Unga akatokea, mkia unazunguka, uso umejaa furaha. Muelewe hali yake. Maisha yake yote alikuwa ameitwa na mtu mmoja tu, mimi. Sasa ulimwengu mzima ulikuwa unamwita. Akamkimbilia mama wa kwanza, akakaa kwa adabu, akainua mkono. Yule mama akapiga miguu chini kumfukuza. Unga akasogea karibu zaidi. Akaenda kwa wa pili, wa tatu, na kila aliyemfukuza alikuwa anamwita. Mama Pasta akaruka juu ya kochi na viatu vyake, juu ya vile vitambaa vilivyofuliwa.

Na mimi, mwalimu mwenye miezi minne ya ujuzi, nilifanya nini? Nilipiga kelele. "Unga! Toka! Unga, lala chini!" Kwa mbwa kiziwi. Nikaona haifai, nikawageukia watu: "Msipige miguu! Jamani, msikanyage hapo chini!" Waliokuwa nyuma hawakuwa wameona mbwa, wakafikiri hapo chini kuna nyoka, na mtu akifikiri kuna nyoka miguuni pake hufanya nini? Walikanyaga kweli kweli. Nikapanda juu ya kigoda ili Unga aone kiganja changu juu ya vichwa vya watu (hilo ndilo kabati la muuza nyanya), kigoda kikavunjika mguu, na mimi nikashuka kwa makalio hadi ndani ya muthokoi.

Hapo ndipo kelele zote zilipokatika. Ishirini na kitu wakanitazama nimekaa kwenye chakula chao.

Lakini hakukuwa kimya. Kulikuwa na sauti moja bado inaimba.

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Mama yangu akiimba hufumba macho, tangu nikiwa mdogo, na alikuwa amefika ubeti wa pili, peke yake, mikono juu, puu puu. Hakusikia mayowe. Hakusikia kigoda. Aliimba mistari miwili mizima katika nyumba ambayo hakuna mwingine aliyekuwa akiimba, na hakuna aliyemgusa. Niliwaona wakimwona. Niliona wanawake wanaokaa naye benchi moja kila Jumapili wakielewa, mmoja mmoja, na aibu ya muthokoi ikawa si kitu tena. Hilo ndilo lililoniuma.

Aliyemfuata alikuwa Unga. Puu puu zilikuwa zimebaki za mtu mmoja, akazifuata moja kwa moja, akakaa mbele ya miguu ya mama, akainua mkono akasubiri.

Mama akafumbua macho. Akaona mbwa. Akaona Mama Pasta juu ya kochi. Akaniona mimi. "Mbona mmeacha kuimba?" akauliza, na nikaona uso wake ukibadilika akihesabu kwamba tumeacha kitambo.

Nikainuka na mahindi yangu. Nikasema nikitazama sakafu, "Mwaitu, mama yangu, nilikudanganya. Sikumfungia. Nilidhani kwa vile hasikii hataamka."

"Sema ukiniangalia," mama akasema. Kisha, polepole, mbele ya wote: "Usipoonyesha mdomo siwezi kushika unasema nini."

Alikuwa hajawahi kuniambia hivyo maishani. Nikainua uso nikarudia neno kwa neno. Akanisikiliza kwa macho. Akamwangalia Unga, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu na umeanza kutetemeka kwa kuchoka, na bega la mama likaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko.

"Kumbe hii nyumba tuko wawili," akasema, akainama akaushika ule mkono akamsalimia.

"Mama Mwende," Mama Pasta akauliza kutoka juu ya kochi, "sasa mimi nishuke ama bado?"

Nyumba ikalipuka. Tulicheka mpaka mmoja akaketi chini. Halafu muuza nyanya, kwa makusudi kabisa, akaanzisha ule wimbo upya, na safari hii kila puu puu Unga akienda anapewa kipande cha chapati iliyoanguka, mama akiimba macho wazi akitazama midomo ya wenzake, hadi kijibwa kikashindwa kutembea kwa kushiba. Chai ilikuwa imepona. Tukanywa chai tupu na furaha.

Nimeapa mambo mawili. Sitasema tena nimefunga kitu ambacho sijafunga, hata kwa kidole. Na wimbo wowote ukianzishwa karibu na mbwa wangu, nitahesabu miguu yake kwanza.

Lakini Jumapili ilikuwa bado haijafika, na mama akisema kitu amesema. Asubuhi hiyo nikaitafuta ile katoni ya mjomba, nikaiwekea kitambaa laini ndani, nikatoka nayo hadi mlangoni. Mama alikuwa nje anaosha sufuria za jana, amenipa mgongo, Unga amelala karibu na miguu yake. Nilifungua mdomo nimwite mara tatu au nne kama kawaida. Nikaufunga. Nikapiga mguu kwenye ile saruji mara mbili.

Wakageuka wote wawili.

"Hiyo katoni ni ya nini?" mama akauliza.

Nikahakikisha ananiona mdomo. "Ya Unga. Si ulisema leo anarudi Tawa?"

Mama akamtazama Unga. Akanitazama mimi. Akachukua sufuria nyingine.

"Nani, mimi?" akasema. "Sikusikia."