Kitambaa cha Buluu

Mama aliyeniajiri Busia alikuwa na kitambaa cha kila kitu. Redio ilikuwa na chake, viti vya wageni na vyao, hata ndoo ya maji ya kunywa ilivaa kitambaa cheupe chenye shanga pembeni, na vyote alivifuma mwenyewe. Alikuwa amepiga taipu katika ofisi za serikali miaka mingi. Alipostaafu alifungua chumba cha kuchapa kando ya barabara ya kwenda forodhani, akanunua kompyuta moja, akaifumia kitambaa cha buluu kabla hata haijafika. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya miezi mitatu, kwa hiyo nikawa ndiye mtaalamu.

Siku ya kwanza nilimwambia, kwa ile sauti ya mtu anayejua kitu kimoja tu, kwamba kompyuta ikiwaka haifunikwi, maana inahitaji kutoa joto. Hakubisha. Kila asubuhi alikitoa kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya taipureta yake ya zamani. Jioni, mashine ikishazimwa, alikirudisha kwa sababu ya vumbi la malori. Sikumwona akisahau hata siku moja.

Naye alikuwa akijifunza. Wateja wakipungua alikaa mbele ya kompyuta, miwani puani, akimchapia barua dada yake wa Budalang'i. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu; kilichomtisha ni kipanya. "Aki hii panya itaniua," alikuwa akisema huku akicheka. Baada ya miezi miwili alikuwa anapanga programu za mazishi peke yake, na furaha yake ulikuwa unaiona hata kwa jinsi alivyotembea.

Mwaka ulikuwa wa tisini na nane. Kule Malaba mtu alikuwa amefungua chumba kama chetu chenye mashine mpya, na maajenti wa forodha hawakuchoka kunisimulia. Mmoja alisimama nyuma yangu akingoja fomu zake, akasema, "Boss, hii yako inajivuta kama ng'ombe ya kulima. Ile ya Malaba ukigusa tu, imemaliza." Wenzake wakacheka. Mashine haikuwa yangu, lakini aliyejiona ametukanwa ni mimi.

Nilikuwa na jarida la kompyuta lisilo na jalada, nililopewa na mfanyabiashara aliyelikuta Kampala limefungiwa bidhaa. Humo mlikuwa na maelezo ya kuilazimisha prosesa, ule ubongo wa mashine, iende mbio kuliko kiwanda kilivyoipangia. Unahamisha vijumpa, vile vikofia vidogo vya plastiki kwenye bodi, na mashine ya megahezi mia moja thelathini na tatu inakimbia kama ya mia moja sitini na sita. Nusu ya ukurasa ilikuwa maonyo. Panda hatua kwa hatua. Pima joto. Usiongeze umeme ovyo. Weka feni kubwa, na kati ya prosesa na chuma cha kuipoza paka dawa maalumu ya kupitisha joto. Niliyasoma maonyo hayo kama mtu anavyosoma maandishi ya nyuma ya risiti.

Jumapili, mama akiwa kanisani huko kwao Mundika, niliingia kwa ufunguo wangu. Nikahamisha vijumpa. Mashine ikagoma kuwaka, basi nikahamisha na kile cha umeme, ikawaka. Feni ilibaki ile ile ndogo. Dawa ya kupitisha joto sikuwa nayo, nikapaka dawa ya meno, kwa kuwa kuna mtu aliwahi kuniambia inafaa. Ilifaa mpaka ilipokauka.

Siku hizo chache nilivimba kichwa. Yule ajenti alisema, "Sasa hii ndio mashine," nami nikatabasamu bila kueleza chochote. Kisha ikaanza kukwama kila jua likipanda. Nikiweka kiganja ubavuni mwake, ilikuwa moto kama sufuria. Nilijua sababu. Kurudisha vijumpa ilikuwa kazi ya dakika tano, lakini ningerudi kuchekwa. Nikaielekezea feni ya mezani, nikajitia hamnazo.

Ijumaa moja mchana nilitoka kwenda kula. Niliporudi, mama alikuwa amesimama mbele ya skrini nyeusi, na chumba kinanuka plastiki iliyoungua. Kitambaa cha buluu kilikuwa juu ya kompyuta. Aliniambia malori mawili yaligeuzia hapo nje, vumbi likaingia, akakitupia juu. "Dakika mbili tu. Nikifunga dirisha."

Niliifungua mashine mbele yake. Dawa ya meno ilikuwa imekauka ikawa chaki, na prosesa ilikuwa na doa la kahawia. Kompyuta iliyo nzima haiuawi na kitambaa kwa dakika mbili. Yeye alikuwa akinitazama uso, si mikono.

"Ni kitambaa?" aliuliza.

Nikasema, "Nilikuambia haifunikwi, mama."

Alikaa chini. "Basi ni mimi nimeiua," akasema.

Tulipata prosesa nyingine. Nilipoifunga nilirudisha vijumpa mahali pake kimyakimya, na mashine haikusumbua tena, jambo lililozidi kumthibitishia kosa lake. Hakuigusa tena. Barua za dada yake akaziandika kwa kalamu. Nilipomsihi ajaribu alijibu, "Wewe fanya. Mikono yangu ni ya vitu vya zamani." Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na hakuna aliyenisimamisha. Naona aibu kuandika kwamba usiku nililala vizuri.

Nilipopata kazi kwingine nilikwenda kumuaga Mundika, nikiwa nimejiapiza kusema ukweli. Redio ilikuwa wazi. Televisheni ilikuwa wazi. Vitambaa vyote alikuwa amevitoa, hata kile cha ndoo. Alimwambia jirani aliyekuwa ameketi naye, "Huyu ndiye alinisaidia wakati nilichoma kompyuta." Kisha akaingia chumbani, akarudi na kitambaa cha buluu, kimekunjwa mara nne.

"Chukua," akasema. "Wewe unajua wakati wa kukitoa."

Nilikipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa ukipewa kitu na mkubwa wako. Nikasema, "Asante, mama."